Panga la shilingi 550: kulichagua dukani na kulijaribu shambani

Panga jipya ulilolitoa dukani leo halikati. Ukilipiga kwenye kuti bichi litaliponda tu, kwa sababu kiwandani hutiwa makali ya juu juu, na mengine hayajaguswa na tupa hata kidogo. Wengi hapa Mombasa wakiona hivyo husema la bei rahisi halifai, kisha huenda kutafuta la ghali. Mimi naona makali ni kazi ya mnunuzi. Kwa mwenye duka unanunua vitu viwili ambavyo huwezi kuvitengeneza nyumbani: chuma kilichotiwa matiko sawasawa, na msuka uliokaa imara ndani ya mpini. Matiko ni ule ugumu chuma kinaopata kwa kupashwa moto na kuchovywa, na msuka ni ule mkia wa chuma unaoingia mpinini. Vikiwepo hivyo viwili, panga la shilingi 550 litakutumikia miaka mingi.

Nilikuwa fundi chuma kwenye karakana ya meli kule Mbaraki kwa miaka 19. Sasa nina shamba dogo la minazi Matuga, ng'ambo ya Likoni. Shule zikifungwa huwachukua vijana wa mtaani kwetu Majengo tukapiga kambi huko siku tatu au nne, wajifunze kupasua kuni, kuwasha moto na kujenga banda la makuti. Hakuna chombo cha makali kinachoingia kambini kabla sijakijaribu kwa mikono yangu, na sababu yake ni hii.

Mwaka 2016 nilinunua mjini kisu kikubwa cheusi, kile wanachokiita cha kijeshi. Mgongo ulikuwa na meno ya msumeno, mpini ulikuwa mtupu ndani, na kwenye kifuniko chake kulikuwa na dira. Nilikilipia shilingi 1,800. Siku ya pili kambini kijana mmoja alikuwa akipasua kuni ya mkanju, kisu kimelazwa juu ya kigogo, yeye anakigonga mgongoni kwa rungu. Pigo la tatu mpini ukabaki mkononi na kisu kikaruka, kikapita kando ya shingo ya mwenzake aliyekaa kwenye mbuzi akikuna nazi. Hakikumgusa. Nilipokiokota niliona msuka ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha shahada, mwembamba kama penseli, umeshikwa na nati moja tu. Usiku ule sikulala. Tangu siku hiyo mpini mtupu siununui, hata nikipewa bure siuchukui, na nakuomba nawe usiununue.

Kwa kazi za porini na shambani hapa pwani, chukua panga la kawaida. Mgema ana kotama yake iliyopinda, ni ya kugemea tu. Slasha ni ya nyasi, shoka ni la magogo. Panga linakaa katikati, na ndiyo maana mtu mwenye chombo kimoja tu huchagua hilo. Mtu mzima achukue la inchi 16 hadi 18 kutoka kwenye mpini hadi nchani. Kijana wa miaka 13 au 14 mpe la inchi 12 au 14, maana refu litamvuta kifundo cha mkono na pigo la mwisho la siku halitakwenda anakotaka. Yale ya inchi 22 ni ya kufyekea vichaka vyepesi. Ukiyapeleka kwenye kuni utachoka bure.

Unene upime mgongoni, karibu na mpini. Milimita 2 zinatosha kwa makuti, migomba na vichaka. Kwa kuni tafuta 3. Uzito wa nusu kilo hivi ndio mkono unaouvumilia kutwa. Umbo letu la Afrika Mashariki, linalopanuka kuelekea nchani, nalipenda kwa sababu uzito unakwenda mbele na panga linaanguka lenyewe. Mkono unaelekeza tu.

Kuhusu majina ya viwanda, yapo ya kuheshimika na bado si ya bei ya juu. Tramontina wa Brazil walianza mwaka 1911, na mapanga yao ni membamba, mepesi, yanayonyumbuka. Ralph Martindale wa Birmingham, Uingereza, walianza mwaka 1874, na alama yao ni mamba. Lakini alama ni mchoro tu, na mchoro unaweza kuigwa. Hata lenye jina kubwa lipitishe kwenye majaribio haya haya.

Kwenye duka

Nenda asubuhi, wakati mwenye duka hana msongamano. Kongowea utayapata, na Mwembe Tayari pia kwenye maduka ya vifaa. Mimi huomba nitolewe matano ya aina moja.

"Ami, wanunua moja, matano ya nini?" kijana wa duka huniuliza.

"Nachagua, mwanangu. Yametoka kiwanda kimoja lakini hayakupita mkono mmoja."

Huo ndio ukweli wenyewe. Nimewahi kutoa matano, mawili yakawa yamepinda, moja ribiti, ule msumari unaoshika mpini na msuka, inacheza, na mawili mazuri kabisa kwa bei ile ile.

Kwanza elekeza ncha kwenye mwanga wa mlango, funga jicho moja, utazame makali kutoka mpinini hadi mwisho kama seremala anavyotazama ubao. Mstari unyooke. Kisha geuza utazame mgongo. Panga lililopinda upande mmoja halitaacha kukuvuta upande huo.

Halafu mpini, na hapa usiwe na haraka. Pitisha ukucha kwenye maungio ya mpini na msuka. Ukucha ukiingia, maji ya chumvi nayo yataingia. Napendelea mpini ambao chuma kinaonekana kote, juu na chini, hadi mwisho wake kabisa, maana hapo unaona kwa macho yako kwamba msuka umefika. Ribiti ziwe tatu. Mbili naweza kuzikubali kwa panga jembamba la kufyekea. Zitazame pande zote mbili kama zimefuliwa zikatanuka vizuri, au zimebanwa tu. Mpini ukiwa wa mti, nyuzi za mti ziende kwa urefu wa mpini. Zikikata mshazari, au pakiwa na kifundo, utapasuka. Ukiwa wa plastiki iliyomiminwa juu ya chuma, shika bapa kwa mkono mmoja na mpini kwa mkono wa pili, uuzungushe kwa nguvu. Usikie kimya. Mlio wowote wa kukwaruza, rudisha.

Sasa lisikilize. Lishike mpini kwa vidole viwili tu, liache lining'inie, kisha gonga bapa kwa kifundo cha kidole. Panga zima hulia wazi na sauti hudumu kidogo. Lenye ufa au mpini uliolegea hutoa sauti ya kukauka, au mtetemo kama nzi ndani ya kopo. Karakana tulikuwa tukigonga hivyo hivyo vipuri kabla ya kuvifunga, na mara nyingi sikio lilituonyesha ufa ambao jicho halikuuona.

Jaribio la kupinda omba ruhusa kwanza, kwa sababu likivunjika utalilipa. Simamisha ncha juu ya ubao au sakafu ya mbao, geuza uso pembeni, kandamiza polepole hadi bapa litengeneze upinde wa kina cha vidole vitatu, kisha achia. Likirudi limenyooka, matiko yake ni mazuri. Likibaki limepinda hata kidogo, chuma ni laini, na utakuwa unalinyoosha kila Jumamosi. Panga nene la milimita 4 na zaidi usilijaribu hivi, halikutengenezwa lipinde.

La mwisho ni tupa. Mimi hubeba tupa ndogo mfukoni. Pale kwenye pembe ya makali karibu kabisa na mpini, mahali pasipokata kitu, vuta mara mbili. Tupa ikizama kama kwenye msumari, chuma ni laini. Ikiteleza kama kwenye kioo, kimekomazwa kupita kiasi na kitamegeka kwenye kifundo cha kwanza cha mti. Unachotaka ni tupa iume lakini kwa kulalamika, itoe unga mwembamba.

Chuma cha kawaida cha madirisha kina kaboni karibu asilimia 0.2, na hata ukikichovya majini mara mia hakitashika matiko. Panga jema lina kama asilimia 0.5 hadi 0.7. Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo cha Rockwell: kisu kizuri cha jikoni huwa kati ya 55 na 60, tupa hupita 60, na panga huachwa makusudi chini yao, kwenye 45 hadi 52 hivi. Linaachwa hivyo ili likikutana na jiwe likunjike badala ya kuvunjika, na ili uweze kulinoa kwa tupa ukiwa chini ya mnazi. Kwa hiyo mtu akikusifia panga "gumu kuliko tupa", ujue hajui anachouza.

Panga linalong'aa la chuma cha pua siwashauri wanaoanza. Halishiki kutu upesi, ni kweli, na mvuvi analihitaji, lakini mengi ya bei ya chini ni laini na makali hayakai.

Kuna njia ya pili ya kupata panga: wahunzi wa jua kali. Barabara ya Changamwe na Miritini haikosi malori, na malori hayakosi springi zilizovunjika. Jani la springi lina kaboni karibu asilimia 0.6, chuma kizuri sana. Panga langu la kuni limetoka huko, nene milimita 4.5, nililipa shilingi 900. Lakini muulize mhunzi maswali mawili. Baada ya kulifua, alilichovya likiwa jekundu? Na baada ya kulichovya, alilipasha moto tena taratibu? Asipolichovya ni laini. Akilichovya asilirudishe motoni, litavunjika kama chupa. Mhunzi anayejua kazi atafurahi kuulizwa. Akiwa na mashine ya kusaga, mwombe aguse msuka kidogo: chuma chenye kaboni hurusha cheche zinazopasuka kama vinyota, na cha dirisha hurusha mistari mirefu isiyopasuka.

Kulitia makali

Usimpelekee mwenye mashine ya kunoa anayepita mtaani, angalau si mara ya kwanza. Si kwamba hajui kazi. Jiwe la mashine linakwenda kasi, makali ni membamba, joto linapanda kabla hujaliona. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu, ujue kimepita nyuzi 290 za Selsiasi hivi na matiko ya pale yameondoka.

Funga panga kwenye jiliwa, kile kibano cha fundi cha mezani, bapa limelala, makali yakitokeza nje ya meza. Kama huna jiliwa, lilaze kwenye ukingo wa benchi na mwenzio akalie mpini. Vaa glavu. Pembe ya kunolea ipate kwa karatasi: kunja kona ya mraba mara moja upate nyuzi 45, kunja tena upate 22 na nusu. Iweke karatasi pembeni ya bapa, uilinganishe tupa nayo. Pembe hiyo kila upande inafaa kukata miti bila kumegeka. Sukuma tupa kwenda mbele kutoka kwenye mgongo kuelekea makali, inyanyue ukirudi, usiiburute, maana kurudi nyuma kunaiua tupa. Fanya upande mmoja hadi uhisi kwa kidole, ukipapasa kutoka bapani kwenda nje, kijiukingo kidogo cha chuma kimejikunja upande wa pili, kwa urefu wote. Kikipatikana, geuza. Malizia kwa jiwe la kunolea na maji, mapigo mepesi, hadi ule ukingo uishe. Kazi hii mara ya kwanza hunichukua kama saa nzima, na mikono hunuka chuma hadi jioni. Baada ya hapo ni dakika tano kila wiki.

Shambani

Hapa ndipo panga linapojulikana, na utaratibu wangu ni kuanza na laini kwenda ngumu.

Naanza na mgomba ambao mkungu wake umeshavunwa, kwani utakatwa tu. Pigo moja la mshazari, bila kutumia nguvu za bega. Panga lililonolewa vizuri linapita, kisha mgomba unakaa kidogo kabla ya kuanguka. Likikwama katikati, rudi kwenye tupa. Maji ya mgomba yataliacha na weusi. Hayana ubaya, futa tu.

Kisha kuti lililoanguka. Kata upongoo wake, ule uti wa katikati, sehemu nene, kule unakoungana na mnazi. Una nyuzi ngumu zinazokamata chuma, na ukiwa umeifanya pembe ya makali kuwa butu kupita kiasi utaona panga linadunda. Kata mara ishirini. Baada ya hapo chukua nazi kavu iliyokwisha kufuliwa, ishike kiganjani, uigonge kwa mgongo wa panga kuizunguka kiuno hadi ipasuke. Jaribio hili linaonekana dogo lakini ndilo linalonionyesha mpini: kila pigo mshtuko unarudi mkononi, na ribiti yenye kasoro huanza kucheza hapo.

Mwisho ni mvinje. Tafuta tawi lililokauka, nene kama mkono wa mtu mzima, ulilaze juu ya gogo jingine, usilipige likiwa juu ya ardhi, kwa sababu mchanga utakula makali yote. Piga mia moja, ukipumzika. Mti ule ukikauka ni mgumu sana, na panga linaloumudu halitashindwa na mkanju wala mwarobaini. Mikoko iache. Inahitaji kibali, na ndiyo inayoshika udongo wa ufuo wetu.

Ukimaliza mia, simama ukiwa na jua mgongoni, elekeza makali kwenye macho yako, uyainue na kuyashusha. Makali mazima hayarudishi nuru. Popote unapoona kimstari au kidoa kinamemeta, pamelala au pamemegeka. Kumemeta kidogo hapa na pale ni kawaida. Vipengo vikiwa vingi, usilitupe bado. Mara nyingi kiwandani ule ukingo wa mwisho umeungua wakati wa kusagwa, na chuma kizuri kipo milimita moja ndani. Noa upite vipengo, urudie mvinje. Nimeokoa mapanga matatu hivyo. La nne lilimegeka tena na tena, nikalikata nikafanya vijembe vya bustani.

Tazama na kiganja chako. Palipoanza lengelenge ndipo mpini una ukingo mkali. Usugue kwa msasa, kisha uzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli, uliokazwa vizuri. Hautelezi hata mkono ukiwa na jasho au maji ya dafu. Kitanzi cha kamba mkononi siwaruhusu vijana wangu. Panga likiponyoka liende zake mbele chini. Likiwa na kitanzi linarudi kwa mwenyewe. Na anayekata awe peke yake: mkono ukinyooshwa pamoja na panga, mara mbili ya urefu huo kila upande pasiwe na mtu. Kuni ndogo zikatwe goti likiwa chini, ili pigo likikosa liingie ardhini, si kwenye ugoko.

Upepo wetu wa bahari hula chuma. Panga lililoachwa usiku mmoja na chumvi asubuhi lina rangi ya machungwa. Lioshe kwa maji yasiyo na chumvi, likaushe juani, lipake mafuta kidogo sana. Ya cherehani ndiyo ninayoyapenda. Kwa panga la madafu na chakula, pakaa ya nazi, lakini uyafute kila wiki. Kutu ikianza, ndimu na majivu, kisha osha haraka. Ala ya ngozi inapendeza, ila inashika unyevu, hivyo usiliweke humo nyumbani. Mimi humpa fundi viatu kipande cha turubai na kipande cha mpira wa gari cha kuweka upande wa makali, ananishonea. Ukining'iniza pembeni ya kiuno, makali yatazame nyuma.

Kwa safari ya feri, mapanga yote huyafunga pamoja ndani ya gunia, mipini upande mmoja, kamba mara mbili, na gunia nalibeba mimi, si kijana. Askari akiuliza nafungua mwenyewe kabla hajasema, namwambia twaenda shamba Matuga, vijana hawa ni wangu. Tukishuka Likoni nayahesabu tena, saba, kabla hatujapanda matatu ya Kwale.